Jiji Lililojengwa kwa Majivu Yake: Historia ya Tofali la Njano la London

Ukilipasua tofali la zamani la njano la London, ndani yake utaona madoa meusi yaliyotapakaa, na pembeni mwake vitundu vidogo kana kwamba mchwa wamepita. Hiyo si kasoro ya udongo. Kila doa ni mabaki ya chembe ya makaa ya mawe. Chembe hiyo iliwaka mara ya kwanza katika meko ya nyumba fulani, ikazolewa na majivu asubuhi, ikatupwa. Baadaye ilichekechwa, ikachanganywa na udongo na kuwaka tena, safari hii ndani ya tofali. Kwa zaidi ya miaka 150, jiji lililokuja kuwa kubwa kuliko yote duniani lilijijenga kwa taka zake lenyewe.

Leo kila mwaka tunasikia habari za kutumia taka za viwanda na vumbi la mawe kutengenezea matofali na vigae, nazo huelezwa kama ugunduzi mpya. Historia ya London inaonyesha kwamba jambo hili ni la kale, kwamba lilifanyika kwa kiwango kikubwa kuliko tunavyodhani, na kwamba lilikufa. Sababu zilizolileta ni muhimu. Sababu zilizoliua ni muhimu zaidi.

1666–1730: Moto mkubwa na majivu ya shambani

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1666, moto ulianza kwa mwoka mikate katika mtaa wa Pudding Lane. Ulipozimika siku chache baadaye, nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 yalikuwa yameteketea. London ya mbao ilikuwa imekwisha. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1667 ikaamuru kuta za nje zijengwe kwa tofali au jiwe.

Jiwe la kujengea lilitoka mbali na lilikuwa ghali. Udongo ulikuwa hapo hapo. Bonde la mto Thames limefunikwa na udongo laini wa kahawia ulioletwa na upepo zama za barafu, na mara nyingi haukuhitaji kuchimbwa kwa kina kirefu. Mashamba yaliyozunguka jiji yakageuka kuwa viwanda vya kufyatulia matofali. Nyumba zikapanda pale udongo ulipotoka, na wafyatuaji wakasogea mbele kuchimba pengine.

Shida ilikuwa nishati. Kuchoma tofali kunakula kuni na makaa bila huruma, na misitu ya karibu na London ilishapungua. Makaa ya mawe yalisafirishwa kwa merikebu kutoka Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na kila gunia lililoingia tanurini lilipandisha bei ya nyumba.

Hapo ndipo majivu yalipoingia. Mafundi wa miaka ya baadaye walisimulia hivi: wakulima wa pembezoni mwa jiji walikuwa na desturi ya kumwaga majivu ya meko mashambani kama mbolea. Baada ya moto mkubwa, udongo wa mashamba hayo ulipochimbwa, wachomaji waligundua kwamba matofali yake yaliiva kwa karibu nusu tu ya makaa yaliyozoeleka. Meko za nyumbani hazichomi makaa hadi mwisho. Katika majivu hubaki chembe nyingi ambazo bado zina moto ndani yake, na zikichanganywa na udongo, tofali hupata joto kutoka nje na kutoka ndani kwa wakati mmoja.

Tangu hapo mafundi waliacha kungojea shamba lenye majivu. Wakaanza kuyachanganya kwa makusudi. Na kama ilivyo kawaida pale njia mpya inapopunguza gharama, walitokea walaghai waliotia takataka yoyote ya jiji bila kuichekecha, wakauza matofali yaliyomomonyoka. Malalamiko yakafika Bungeni. Katika miaka ya 1720 sheria ilipiga marufuku mchanganyiko huo. Muda mfupi baadaye, kufikia 1730, Bunge lililegeza: majivu ya makaa ya mawe yaliruhusiwa, mradi yachekechwe. Mabadiliko hayo madogo ya sheria yana uzito mkubwa katika historia yetu. Serikali ilitambua kwamba tatizo halikuwa taka, bali taka isiyochambuliwa.

1730–1850: Tofali linalojichoma

Kufikia karne ya 18 utaratibu ulikuwa umetulia, na mwaka 1850 Edward Dobson aliueleza kwa kina katika kitabu chake cha ufundi wa matofali na vigae. Ulifuata majira ya mwaka.

Vuli, udongo ulichimbwa na kurundikwa. Palipokuwa na chaki, jiwe lile jeupe laini lililojaa kusini mashariki mwa Uingereza, ilisagwa kwa maji hadi ikawa uji, kisha ikamwagiwa juu ya udongo. Chaki ilikuwa na kazi mbili. Ilipunguza kusinyaa kwa tofali wakati wa kukauka, na chokaa yake ilizuia chuma kilichomo udongoni kisitoe wekundu. Ndiyo maana tofali la London likawa la njano. Juu ya rundo hilo yakatandazwa majivu laini yaliyochekechwa, na lote likaachwa hapo majira yote ya baridi ili baridi kali iuvunjevunje udongo.

Machipuko, rundo lilikatwa kwa majembe na kupitishwa kwenye pipa la kukandia lililozungushwa na farasi. Kuanzia Aprili hadi Septemba kazi ilikuwa kufyatua. Fundi mmoja alisimama mezani na kalibu yake akizungukwa na wasaidizi, mara nyingi mke wake na watoto, na kundi la namna hiyo liliweza kutoa matofali elfu kadhaa kwa siku.

Kuchoma hakukuhitaji jengo. Matofali makavu yalipangwa yenyewe yakawa tanuri, mfano wa matanuri yanayoonekana leo kandokando ya barabara za Mbeya, Iringa au Mwanza, ila makubwa zaidi. Mengine yalikuwa na matofali yapatayo milioni moja. Chini na katikati ya safu zilitandazwa chembe nene za makaa, zile zilizobaki juu ya chekeche. Moto uliwashwa upande mmoja na kuachwa utembee polepole. Baada ya hapo hapakuwa na kuchochea kuni usiku kucha. Chembe zilizomo ndani ya kila tofali ziliwaka zenyewe, na tanuri lilijichoma kwa wiki kadhaa hadi nishati yote ikaisha.

Matofali hayo hayakufanana. Yaliyokuwa katikati yaliiva vizuri, ya pembeni yalibaki laini, na mengine yaliungua yakagandana. Wauzaji waliyapanga kwa madaraja: bora kwa kuta za mbele, ya kati kwa kuta za nyuma, mabovu kwa kuta za ndani. Hata kilichoharibika kilipata kazi.

Kwa njia hiyo ilijengwa London ya karne ya 18 na 19, mtaa baada ya mtaa. Hata nyumba namba 10 ya Downing Street, makazi ya Waziri Mkuu, ina uso wa matofali ya njano. Mafundi walioikarabati kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuta kwamba weusi uliozoeleka ulikuwa masizi ya karne mbili. Uso huo ukapakwa rangi nyeusi ili nyumba isionekane ngeni machoni pa watu.

1800–1860: Uwanja wa vumbi

Mwaka 1801 London ilikuwa na watu wapatao milioni moja, na idadi yao iliendelea kupanda kwa kasi. Kila nyumba ilikuwa na meko, na kila meko ilitoa majivu. Kwa lugha ya jiji hilo, taka za nyumbani ziliitwa tu vumbi, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa majivu.

Kuyazoa kulikuwa biashara. Mwanzoni mwa karne ya 19 parokia, ambazo ndizo zilikuwa serikali za mitaa, zilitangaza zabuni ya kuzoa taka, na wakandarasi walilipa fedha ili wapewe haki hiyo. Tuseme tena ili ieleweke: mzoa taka aliilipa serikali ya mtaa, kwa kuwa alijua mfyatua matofali anamsubiri. Mwandishi Henry Mayhew, aliyechunguza maisha ya maskini wa London na kuchapisha kazi yake mwaka 1851, alikadiria kwamba jiji lilizalisha tani 900,000 za vumbi kwa mwaka.

Vumbi hilo lilipelekwa kwenye viwanja maalumu, vingi vikiwa kando ya mto Thames au mfereji. Huko lilirundikwa likawa vilima. Kilima mashuhuri kilikuwa Battle Bridge, jirani na hospitali ya ndui, na mchoro wake wa mwaka 1837 bado upo. Wenyeji walisimulia kwamba majivu yake yaliuzwa Urusi kusaidia kuijenga upya Moscow iliyoungua mwaka 1812.

Aliyevifanya viwanja hivyo vizae fedha alikuwa mwanamke mwenye chekeche. Wanawake hao walisimama au kukaa ndani ya majivu yaliyowafika kiunoni, wamevaa aproni nene za ngozi. Mwanamume alirusha koleo la vumbi juu ya chekeche la chuma, mwanamke akalitikisa kwa nguvu akiligongesha kwenye aproni. Majivu laini yalianguka chini: hayo yalikwenda kuchanganywa na udongo. Chembe nene zilibaki juu: hizo zilikwenda kutandazwa tanurini. Kilichosalia alikichambua kwa mkono. Mifupa iliwekwa kando, matambara kando, chuma kando, vioo kando. Vyungu na sahani zilizovunjika zikawa kifusi cha barabara. Viatu vikuukuu viliuzwa kwa mafundi viatu. Hakuna kilichokosa mnunuzi.

Utajiri wa wakandarasi hao ulivuma kiasi kwamba Charles Dickens aliujengea riwaya nzima, *Our Mutual Friend*, iliyotoka kati ya 1864 na 1865, kuhusu urithi wa vilima vya vumbi. Lakini waliochekecha hawakutajirika. Walivuta majivu tangu asubuhi hadi jioni kwa ujira mdogo, na mapafu yao hayakuandikwa katika hesabu ya mtu yeyote. Mfumo huu tunaoustaajabia kwa kutoacha taka ulisimama juu ya kazi yao.

Mifupa kwenye vikombe

Tofali halikuwa peke yake. Mashariki mwa London, huko Bow, mwishoni mwa miaka ya 1740, Thomas Frye alipata hataza ya kauri iliyotengenezwa kwa majivu ya mifupa. Ng'ombe waliochinjwa kulisha jiji waliacha mifupa isiyo na kazi kubwa; ikichomwa na kusagwa, majivu yake yenye chokaa na fosfati husaidia mchanganyiko kuyeyuka na kushikana, na kuupa weupe unaopitisha mwanga.

Kufikia mwaka 1800 hivi, kiwanda cha Spode huko Stoke-on-Trent kilikuwa kimeimarisha kipimo ambacho bado kinafuatwa: karibu nusu majivu ya mifupa, robo udongo mweupe wa kaolini, na robo jiwe la Cornwall, yaani graniti iliyooza. Taka ya machinjio na jiwe lililochakaa vikazaa vyombo vya mezani vya matajiri. Kauri hiyo haikununuliwa kwa huruma ya mazingira. Ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa imara na nzuri.

1801–1860: Maji yaliyobeba kwenda na kurudi

Majivu ni mazito na bei yake ni ndogo. Kuyasafirisha kwa mkokoteni umbali mrefu kungemeza faida yote. Kilichouwezesha mfumo kukua ni maji.

Mwaka 1801 tawi la Paddington la mfereji wa Grand Junction lilifunguliwa, likaiunganisha London na mashamba ya udongo ya magharibi: Southall, Hayes, West Drayton. Matishari yalileta matofali mjini na kurudi yamejaa majivu na taka. Upande wa mashariki, matishari ya matanga yalishuka na mto Thames hadi Kent na Essex yakiwa na vumbi la London, yakapandisha matofali kutoka miji kama Sittingbourne. Safari ya kwenda ililipa na ya kurudi ililipa. Chombo hakikutembea kitupu.

Hapo nguzo tatu za mfumo zinaonekana wazi. Ya kwanza, taka ilichambuliwa ikajulikana ni nini. Ya pili, ilisafirishwa kwa bei nafuu. Ya tatu, ilimpa mfyatua matofali kitu alichokihitaji, yaani nishati, naye aliilipia kwa hiari. Nguzo zote tatu ziliposimama, jiji lilijenga. Mwaka 1836 reli ya London hadi Greenwich ilianza kufunguliwa, ikipita juu ya matao 878 yaliyotumia matofali yapatayo milioni 60. Mwaka 1852 kituo cha King's Cross kilifunguliwa, kimejengwa kwa matofali ya njano, katika eneo lile lile la hospitali ya ndui na jirani ya mahali kilipokuwa kilima cha vumbi cha Battle Bridge.

1851–1872: Moshi, mahakama na watoto

Majivu ambayo hayakuchekechwa vizuri yalibeba mabaki ya chakula na uchafu mwingine. Tanuri lilipowaka, uvundo ulienea hadi madirishani. Jiji lilipokua, wenye nyumba mpya walijikuta jirani na matanuri yaliyozijenga nyumba hizo hizo.

Wakaenda mahakamani. Katika kesi ya Walter dhidi ya Selfe ya mwaka 1851, iliyohusu uchomaji wa matofali, mahakama iliweka kipimo kwamba kero hupimwa kwa maisha ya kawaida ya watu wa kawaida. Katika kesi ya Bamford dhidi ya Turnley ya mwaka 1862, mchomaji alijitetea kwamba alichoma matofali mahali panapofaa kwa kazi hiyo. Alishindwa. Nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki, bado hufundisha kanuni zilizotokana na mashauri hayo. Sehemu ya sheria ya kumlinda jirani dhidi ya moshi ilizaliwa kwenye tanuri la matofali.

Waliochelewa kulindwa ni wafanyakazi wenyewe. Watoto walibeba udongo mbichi na matofali mabichi mchana kutwa katika viwanda vya nchi nzima. George Smith wa Coalville, ambaye mwenyewe alianza kazi hiyo utotoni, alichapisha kitabu mwaka 1871 kuhusu kilio cha watoto hao. Sheria ya mwaka huo iliyoanza kutumika Januari 1872 ilipiga marufuku wasichana wa chini ya miaka 16 na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi kwenye viwanda vya matofali. Bei ndogo ya tofali la London ilikuwa imetokana na majivu, na pia imetokana na mikono ya watoto. Haki ikitendeka kwa mmoja, hesabu ya mwingine hubadilika.

1868–1914: Nguzo zinaanguka

Ukisimama leo mbele ya King's Cross, geuza macho magharibi uone St Pancras. Kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1868, miaka 16 tu baada ya jirani yake, lakini ni chekundu. Kampuni ya reli ya Midland ilikijenga kwa matofali yaliyotoka Nottingham na maeneo ya kati ya Uingereza, yaliyosafirishwa kwa reli yake yenyewe. Tofali la mbali sasa liliweza kufika London kwa bei ya kushindana. Faida ya ukaribu ilikuwa imeanza kuondoka.

Pigo kubwa lilitoka Peterborough. Katika miaka ya 1880, wachimbaji wa kijiji cha Fletton walipita udongo wa juu wakakuta tabaka gumu la udongo wa kale wa bahari, wenye mabaki ya viumbe kiasi cha asilimia 5 hivi. Mabaki hayo huwaka. Tofali la Fletton lilijichoma lenyewe, kama tofali la London, ila halikuhitaji majivu, uwanja wa vumbi, wala chekeche. Likachomwa kwenye matanuri ya mviringo ambayo Friedrich Hoffmann alipata hataza yake mwaka 1858, ambamo moto huzunguka bila kuzimika na joto la matofali yanayopoa hupasha yale yanayosubiri. London ikaanza kununua matofali kutoka huko kwa mamilioni.

Wakati huo huo taka yenyewe ilibadilika. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 1875 iliimarisha wajibu wa mamlaka za miji kuondoa taka majumbani kwa ajili ya afya, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini lengo sasa lilikuwa kuondoa, wala si kuuza. Makopo, karatasi na mabaki ya chakula yaliongezeka ndani ya mapipa. Kuyachambua kukawa ghali kuliko faida ya majivu. Hapo mwelekeo wa fedha ulikuwa umegeuka: wakandarasi walikoma kulipa, wakaanza kulipwa. Miji ikajenga matanuri ya kuteketeza taka, la kwanza likiwa Nottingham mwaka 1874. Kile ambacho babu zao walikinunua, wajukuu walilipia kichomwe.

1952–1999: Majivu yanahama

Mnamo tarehe 5 Desemba 1952, ukungu wa moshi uliifunika London kwa siku tano. Maelfu ya watu walikufa. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ikaanza kuzima meko za makaa majumbani, na kwa hiyo majivu ya nyumbani yakatoweka.

Makaa hayakutoweka, yalihamia kwenye mitambo ya umeme. Humo husagwa kuwa unga na kuchomwa karibu yote, kiasi kwamba majivu yanayobaki ni laini mno na yana nishati kidogo sana. Sehemu yake ilitengenezewa vitofali vyepesi vya saruji. Nyingi ilihitaji tu mahali pa kutupwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, treni zilibeba majivu kutoka mitambo ya umeme ya bonde la Trent hadi Peterborough, yakamwagwa kwenye mashimo yaliyoachwa na uchimbaji wa udongo wa Fletton. Karne moja nyuma majivu yaliingia ndani ya tofali. Sasa yalizikwa ndani ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya matofali.

India ilijaribu kurudisha uhusiano huo kwa amri. Tangazo la serikali la Septemba 1999 liliwataka wafyatua matofali walio ndani ya kilomita 50 kutoka mtambo wa umeme wa makaa kuchanganya angalau asilimia 25 ya majivu. Umbali uliongezwa hadi kilomita 100 mwaka 2003, na 300 mwaka 2016. Sheria ilihitajika kwa sababu nguzo ya tatu ilikuwa imevunjika: majivu haya hayampunguzii mchomaji makaa kama yale ya meko yalivyofanya. Hata hivyo yana manufaa yake. Hupunguza udongo wa shamba unaochimbwa, na mengi yamekwenda kwenye saruji na matofali yasiyochomwa kabisa. China, kwa upande wake, imetumia mawe yanayochimbuliwa pamoja na makaa migodini na kutupwa. Kwa kuwa mawe hayo yana kaboni, tofali lake linajichoma, na wafyatuaji wameyapokea kwa urahisi.

Vumbi la jiwe

Kizazi chetu kina taka nyingine inayokua: tope la kukatia graniti na marumaru. Katika jimbo la Espírito Santo nchini Brazili, karibu na Cachoeiro de Itapemirim, misumeno mikubwa hukata mawe kwa ajili ya sakafu za dunia nzima, na kati ya asilimia 20 na 30 ya jiwe huishia kuwa tope. Watafiti wa vyuo vikuu vya Brazili wamelichanganya tope hilo na udongo kwa miaka mingi, na matokeo yao yanafundisha subira.

Graniti ina felspa, madini yanayoyeyuka kwa joto kali na kushikanisha chembe za udongo. Kigae kinachochomwa kwa zaidi ya nyuzi joto 1,100 hunufaika: kinakuwa kigumu na hakinyonyi maji kwa urahisi. Tofali la kawaida mara nyingi huchomwa kwa nyuzi 800 au 900 tu, na kwa joto hilo felspa haiyeyuki vya kutosha. Hapo vumbi la graniti linafanya kazi ya mchanga mwembamba: linapunguza kusinyaa kwa udongo mnato, basi. Marumaru nayo ni jamii moja na chaki ya London. Ikisagwa laini husaidia, ikiachwa na punje nene hugeuka chokaa tanurini, kisha hunyonya unyevu, huvimba na kubandua uso wa tofali. Wafyatuaji wa Kent walilijua hilo walipoisaga chaki hadi ikawa uji.

Hesabu inayotuhusu

Wachomaji wa matofali wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa kwamba taka inaweza kuwa nishati. Pumba za mpunga na maganda ya kahawa yamekuwa yakichomea matofali pale yanapopatikana karibu, na kila tanuri linalotumia pumba linaokoa miti. Miji yetu nayo inaongeza majivu ya viwandani, vigae vilivyovunjika na tope la mashine za kukatia mawe. Maombi ya kuviingiza ndani ya matofali yatakuja, tena mengi, na tunapaswa kuyapokea tukiwa na maswali sahihi.

Nani ameichambua taka hii, na kwa afya ya nani? Itasafiri umbali gani, na chombo kitarudi na nini? Inamsaidia nini mchomaji: nishati, uimara, au kupunguza kusinyaa? Imepimwa madini yenye sumu, ikiwa ndani ya tofali na ikiwa moshini? Na jirani wa tanuri ameulizwa?

London ilijibu vizuri maswali ya fedha, ikajenga jiji. Maswali ya watu ililazimika kuyajibu baadaye, mahakamani na Bungeni, wakati mapafu ya wengi yalikuwa yameshalipa. Sisi tunaanza tukiwa na historia hiyo mkononi. Mwanamke atakayechambua taka za matofali yetu aingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, awe na kinga ya pumzi na ujira wa haki. Bei ya tofali itakayotokana na hesabu hiyo ndiyo bei yake ya kweli.